Mjadala: Waromania wanafuata yuro, au walikosa pa kukaa kwao?

Wadau, kila uhamiaji wa Romania unapotajwa, hoja ni ileile: nchi iliingia Umoja wa Ulaya tarehe 1 Januari 2007, mipaka ikafunguka, watu wakakimbilia yuro. Mimi naipinga. Safari ilianza zamani, tena ilianzia ndani ya nchi.

Baada ya ukomunisti kuanguka mwaka 1989, viwanda vya serikali vilikufa kimoja baada ya kingine. Mwaka 1997, katika bonde la Jiu, kwenye miji ya makaa ya mawe kama Petroșani na Lupeni, maelfu ya wachimbaji walipewa kiinua mgongo wakaondoka migodini. Waende wapi? Wengine walirudi kwao Moldova (jimbo la mashariki mwa Romania, si nchi jirani) kulima vishamba visivyotosha hata chakula cha familia. Miaka ile waliotoka mjini kurudi kijijini walikuwa wengi kuliko waliokwenda mjini! Nchi ya viwanda inarudi kwenye jembe.

Kwa hiyo viza ya Schengen (ile ya kuingia nchi nyingi za Ulaya Magharibi) ilipoondolewa kwa Waromania Januari 2002, watu hawa walikuwa wameshang'oka. Wanawake wakaenda Italia kulea wazee, wanaume wakaingia kwenye ujenzi Hispania. Sensa ya 1992 ilihesabu watu milioni 22.8, ya 2021, takribani milioni 19. Uzazi umepungua pia, sikatai, lakini pengo hilo halielezeki bila kuhama.

Wapo wanaosema fedha zinazotumwa nyumbani zinatosha kuwa fidia. Tazameni Certeze, kijiji cha kaskazini: majumba ya ghorofa, marumaru, mageti ya chuma, na mwaka mzima mengi yamefungwa hadi Agosti, wenyewe wanaporudi likizo na kufanya harusi. Nyumba imesimama, ajira haikuzaliwa. Huku serikali ikiweka nafasi 100,000 kwa wafanyakazi kutoka nje ya Umoja wa Ulaya mwaka 2023, na Wanepali wanajenga mji mkuu, Bucharest.

Sasa swali langu. Cluj, mji mkubwa wa kaskazini-magharibi mwa Romania, leo ina kazi, hasa za kompyuta. Kwa nini kijana wa Vaslui, kule Moldova, asiye na ujuzi huo aende Torino, Italia, asiende Cluj? Mimi nasema ni kodi ya nyumba: Cluj lazima alipe chumba kabla hajapata mshahara, Torino kuna kaka yake mwenye kitanda cha ziada. Anayeona tofauti alete hoja.