Naomba ushauri: ndugu yangu kaacha homoni, nimjibu nini kuhusu ile furaha?

Asalaam aleikum ndugu zangu. Mtoto wa ami yangu karudi Chake Chake kutoka Uingereza. Kule alipiga sindano za testosteroni, akaishi kama mwanamme miaka kadhaa, halafu akaacha kwa hiari yake. Hedhi imerudi. Sauti nzito ndiyo hairudi, dawa ile ikishanenepesha nyuzi za sauti basi tena. Akiitikia hodi, wageni humwita kaka.

Kinachomsumbua lakini si sauti, ni kumbukumbu ya furaha. Kinyozi alipomnyoa mara ya kwanza akamwita kijana, anasema alitoka pale ardhi haioni. Leo anaichambua: labda ilikuwa nafuu tu ya kutokodolewa macho na wanaume njiani, labda hamu ya kuanza upya. Kesho yake anageuka: "Ilikuwa kweli, msinipokonye." Nilimsomea utafiti wa Vandenbussche wa 2021: kati ya watu 237 walioacha safari ya kubadili jinsia, asilimia 70 walitaja kwamba waligundua dhiki yao ya jinsia (taabu ya kuhisi mwili na jinsia haviendani) ilihusiana na mambo mengine. Akanyamaza, kisha akauliza: na furaha je, ilihusiana na nini?

Mashangazi zake wana neno moja tu, "si tulikwambia." (Hawakumwambia kitu, habari zake walizisikia harusini kama sote.)

Sasa nimfuate kila siku alivyoamka, au nimsaidie afikie jibu moja? Na yupo mshauri nasaha, Unguja au Pemba, anayesikiliza bila kutangaza? Akiwa mwanamke ndiyo vizuri zaidi.