Kazi ya siku mbili imenila wiki tano: nyie mnapangaje muda?

Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu.

Huu ni mwaka wangu wa pili ughaibuni. Nashona mapazia nyumbani, sasa nataka biashara iwe rasmi. Mwezi uliopita nilikaa na daftari nikapanga: usajili wiki moja, akaunti ya benki siku mbili, tovuti wikiendi moja, kadi za biashara siku tatu. Leo ni wiki ya tano. Zilizokamilika ni kadi tu, nazo zina kosa kwenye namba ya simu. Mume wangu ananicheka. Je, ni uzembe wangu au?

Mshonaji

---

Marahaba binti. Uzembe haupo hapo. Umehesabu muda wa mikono yako, ukasahau kuhesabu muda wa kusubiri mikono ya wengine.

Chukua benki. Kujaza fomu ni saa moja. Lakini benki inataka cheti cha usajili, na cheti hakijatoka, kwa hiyo zile siku mbili zako hazijaanza hata kuhesabiwa. Ukikipata, watauliza mwenye biashara ni nani, fedha inatoka wapi, unaishi wapi. Barua ya anwani ikizidi miezi 3 mara nyingi wanairudisha.

Daftari langu lina safu mbili: saa za mkono na siku za kalenda. Kadi zangu za kwanza zilikuwa dakika 40 za mkono, siku 11 za kalenda. Mchoro nilipeleka Jumatatu, sampuli ikarudi Alhamisi. Nilikuwa zamu, nikaijibu Jumamosi, siku ambayo wao hawafanyi kazi. Jumatatu wakaona jibu langu, Ijumaa kadi zikafika. Humo ndani hakuna aliyezembea hata mmoja.

Na kama kuna cheti cha kutoka nyumbani kinachohitajika, anza nacho kabla ya chochote. Nchi zote mbili zikiwa kwenye Mkataba wa The Hague wa 1961, kinagongwa muhuri mmoja, apostille, basi. Moja isipokuwemo, kinapita wizarani, kisha ubalozini, na kila dirisha lina foleni yake. Tafsiri iache mwisho, maana wengine wanataka muhuri nao utafsiriwe. Mimi nilitanguliza tafsiri, nikailipia mara mbili.

Mzee wa Mizigo

---

Naongezea kwenye tovuti. Kuijenga wikiendi moja inawezekana kabisa. Kinachochelewa ni maneno na picha. Kuna mteja alikaa na ukurasa wa “Kuhusu sisi” mtupu miezi miwili, na ni aya tatu tu! Kwa hiyo picha za mapazia piga leo, tovuti itazikuta. Jina la .com ukishalisajili, kwa kawaida huwezi kulihamishia kwa wakala mwingine wa kusajili majina kabla ya siku 60, basi usikimbilie tu mwenye ofa. Na ukihamisha seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti, jipe saa 48 kabla ya kumtumia mtu yeyote anwani ya tovuti.

Hili la kujidanganya na muda si lako peke yako, dada. Wanasaikolojia Kahneman na Tversky walilipa jina mwaka 1979. Mwaka 1994 ukatoka utafiti wa wanafunzi waliokuwa wakiandika tasnifu: kwa wastani walikadiria siku 34 hivi, ikawachukua zaidi ya 55. Walipoambiwa wakadirie kana kwamba kila kitu kitaharibika, walisema 49. Yaani hata walipojitisha, bado hawakufika. Ndiyo maana mimi siku hizi sijiulizi kazi hii itachukua siku ngapi. Nafungua barua pepe za zamani, naangalia ile iliyofanana nayo ilianza lini ikaisha lini.

Fundi Tovuti

---

Samahani, mnamtisha dada wa watu. Ukijipa muda mrefu kwa kila kitu, na kazi nayo itajitanua hadi iujaze. Ziko kazi hazitakiwi kulala.

Ankara itoke siku ileile unapokabidhi kazi. Mteja mwenye masharti ya siku 30 anahesabu tangu ankara. Ukiilalia siku 10, umemkopesha 40. Tena muulize wanalipa tarehe gani. Wateja wa kampuni mara nyingi wanalipa kwa mkupuo, na ankara ikichelewa siku moja inangoja mkupuo ujao. Hii nimeijua siku kodi ya ofisi inadaiwa na mimi nina ankara tatu safi kabisa zimekaa kwenye droo.

Dada wa Hesabu

---

Asanteni sana. Nimechora zile safu mbili. Niliyoweza kuijaza ni kadi tu: dakika 25, siku 19, na bado kuzirudia. Kesho naanza kupiga picha. Swali la mwisho: mteja akiuliza pazia litakuwa tayari lini, namtajia safu ipi?

Mshonaji

---

Ya pili, binti. Na uianze siku kitambaa kinapofika mkononi mwako, siyo siku ulipokiagiza.

Mzee wa Mizigo