Madaktari wa meno, woga wetu mliupanda nyinyi wenyewe

Ndugu wanajamvi,

Nimechoshwa na madaktari wa meno wa jiji hili la Nairobi wanaomkaripia mgonjwa kwa kuogopa kiti chao, ilhali woga huo ulipandwa na wenzao wa taaluma hiyo hiyo. Juzi nilimsindikiza dada yangu kwenye kliniki moja ya Eastlands, shavu limemvimba kwa gego lililooza, na neno la kwanza aliloambiwa ni, "Mama mzima unaogopa sindano?" Aliinuka akaondoka bila kutibiwa. Hakuna aliyemuuliza kilichompata utotoni, alipobanwa mikono na wauguzi, jino likang'olewa ganzi ikiwa haijashika, na kilio chake kikanyamazishwa kwa kofi.

Ganzi haishiki papo hapo. Ile ya taya la chini, inayochomwa nyuma kabisa ya kinywa, huhitaji dakika kadhaa, na penye usaha hupungua nguvu kwa sababu sehemu iliyoambukizwa huwa na asidi inayoizuia dawa kupenya kwenye neva. Kwa hiyo mgonjwa anayesema bado anasikia maumivu anasema kweli, na wajibu wa daktari ni kumngojea au kumwongezea dawa, si kumwambia avumilie.

Watafiti wameeleza kwamba mtoto aliyekwisha kukaguliwa meno mara kadhaa bila kuumizwa hashikwi na woga wa kudumu kwa urahisi anapokutana na siku moja mbaya. Wengi wetu hatukupata bahati hiyo. Tulipelekwa baada ya karafuu na maji ya chumvi kushindwa, usiku mzima hatujalala, na kitu cha kwanza tulichokiona kilikuwa koleo. Mtu wa namna hiyo akikua hukwepa kliniki hadi jino lioze kabisa, kisha hung'olewa kwa maumivu makubwa zaidi, na woga ukazidi kukomaa.

Utaratibu wa kumweleza mtoto, kumwonyesha kifaa, ndipo atibiwe, unajulikana tangu mwaka 1959. Mwaka 1969 mwanasaikolojia Norman Corah alichapisha hojaji ya maswali manne tu ya kupima woga huu. Kukubaliana na mgonjwa kwamba akiinua mkono kazi isimame hakugharimu hata shilingi moja. Basi mtujibu: kwa nini fomu zenu huuliza kadi ya bima kwanza, na hazina hata mstari mmoja wa kumuuliza mgonjwa kama aliwahi kuumizwa?