Kloroplasti ina DNA yake ya nini? Mwanafunzi kanibana, naomba ushauri

Mwl_Mgeni:
Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mwalimu wa baiolojia, mwaka wa pili kazini, niko Singida. Leo nafundisha usanisinuru kidato cha tano, nimechora ubaoni kloroplasti, kile kichembe cha kijani ndani ya seli ya mmea kinachotengeneza chakula kwa jua, binti mmoja wa nyuma akanyoosha mkono: "Mwalimu, kiini cha seli kipo na DNA yake, sasa hii ina DNA yake ya nini?" Nikamwambia tutafika huko. Darasa zima likacheka, maana wanajua nikikwama ndiyo kauli yangu. Alhamisi nina vipindi viwili mfululizo. Nianzie wapi?

Jani Bichi:
Mkuu, huyo binti kakuandalia somo zima. Kloroplasti ilikuwa bakteria anayejitegemea, ukoo wa sayanobakteria, hawa wanaofanya maji ya bwawa yawe kijani. Zaidi ya miaka bilioni 1 iliyopita seli kubwa ilimmeza, isimsage. Akabaki humo akipika sukari kwa jua. Alama zake bado zipo: DNA ya duara, ribosomu (mitambo ya kuunda protini) za kibakteria, tando mbili. Halafu inazaliwa kwa kugawanyika tu. Seli ikipoteza kloroplasti zote haiwezi kuunda nyingine. Mrusi Mereschkowsky aliliandika hili 1905, wengi wakalipuuza. Lynn Margulis akalifufua 1967.

Mwl_Mgeni:
Asante mkuu. Sasa wakiniuliza kwa nini tusiitoe ikaishi tena yenyewe?

Jani Bichi:
Haiwezi, imeshanyang'anywa hati ya kiwanja. Sayanobakteria wana jeni kwa maelfu, kloroplasti ya mmea imebaki na kama 100 hivi. Nyingi zilihamia kwenye kiini, kwa hiyo protini zake nyingi zinatengenezwa nje na kuingizwa ndani.

Dokta wa Kata:
Mimi ningeanza na malaria, hawatasinzia. Kimelea cha malaria kina mabaki ya kloroplasti, yanaitwa apikoplasti. Babu yake alimeza mwani mwekundu mzima, ambao nao ulikuwa umerithi bakteria yule aliyemezwa zamani. Ndiyo maana mabaki hayo yana tando nne. Hayafanyi usanisinuru tena, ila kimelea hakiishi bila hayo. Dawa ya doksisaikilini, ambayo ni ya kuua bakteria, inakipiga hapo hapo.

Mwl_Mgeni:
Dah! Hii sikuwahi kufundishwa chuoni.

Mpwani wa Paje:
Maneno yamekuwa mengi, watoto waone kitu. Huku tunalima mwani mwekundu. Umbijani, ile rangi ya kijani ya majani, umo, ila umefunikwa na rangi nyekundu, na rangi za jamii hiyo hiyo sayanobakteria wanazo hadi leo. Chukua kipande cha ule wa rangi ya zambarau, kitie kwenye maji yanayochemka. Nyekundu inaharibika kwa moto, kinabaki kijani mbele ya macho yao.

Mwl_Mgeni:
Kaka wa Paje, nitumie kwa basi basi. Wa gunia unafaa?

Mpwani wa Paje:
Hapana mwalimu, huo umeanikwa juani mpaka umepauka, hutaona kitu. Nitakukaushia kiganja kimoja kivulini, ndani. Njoo inbox unipe jina la basi, ila Alhamisi hii usiitegemee.