Mjusi wa Tendaguru: vyuo vyetu visaini mkataba wa utafiti na makumbusho ya Berlin, au mifupa irudi kwanza?

Mtoa mada
Wadau, kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba Tendaguru, mkoani Lindi, wakaondoka na takribani tani 225 za mifupa ya dinosaria. Wapagazi ndio walioibeba hadi bandarini Lindi, mwendo wa siku kadhaa. Mjusi mkubwa amesimama Berlin tangu 1937, kimo chake mita 13.27. Mwaka 2018 aliyekuwa waziri wa mambo ya nje, Augustine Mahiga, alisema serikali haitadai arudishwe, inataka ushirikiano. Mimi napinga. Chuo kinachotafiti kwa hisani ya mwenye ghala hakitathubutu kumdai mwenye ghala.

Mhifadhi wa mikusanyo
Mkuu, kwanza tujue tunadai nini. Yule anayepigwa picha na watalii si mnyama mmoja, ameungwa kwa mifupa ya wanyama kadhaa. Pingili za shingo na mgongo zilizotundikwa pale ni za kuigiza, kwa sababu zenyewe ni nzito na dhaifu mno. Fuvu halisi nalo limetunzwa kando. Utajiri wa utafiti uko kwenye makabati, tena vipo vifurushi vilivyofungwa kwa mianzi huko Tendaguru vikakaa karibu karne nzima bila kufunguliwa.

Upungufu wetu mkubwa ni mafundi. Mfupa hautolewi ardhini hivi hivi: unaufunika kwa karatasi laini iliyoloweshwa, kisha vipande vya gunia vilivyochovywa kwenye plasta. Ukisahau karatasi, plasta inashika mfupa na siku ya kufungua inaondoka na ngozi yake ya juu, yenye alama za misuli anazozitafuta mtafiti. Baada ya hapo unauimarisha kwa Paraloid B-72, plastiki ya wahifadhi inayoweza kuondolewa baadaye, iliyoyeyushwa kwenye asetoni, asilimia 5 hadi 10. Ukiizidisha haipenyi, inabaki juu inang'aa huku ndani mfupa unabomoka. Gundi ya dukani usiiguse, maana hutaweza kuiondoa. Haya hayafundishwi kwa semina ya siku tatu! Mkataba utaje fundi wa Kitanzania atakayekaa maabara ya Berlin mwaka mzima, na ajira inayomsubiri nyumbani. Bila ajira hiyo tunawafundishia wengine.

Mwanajiolojia
Nakubaliana na hoja ya mafundi, ila mfano bora uko nyumbani. Mnyamawamtuka, dinosaria mwingine wa hapa kwetu, alipatikana bonde la Rukwa mwaka 2004, akatangazwa kisayansi 2019 na timu iliyohusisha chuo cha Ohio, Marekani. Namba yake ya kumbukumbu ni ya Mambo ya Kale ya Tanzania. Mfupa ukisafiri kwa mkopo, umiliki hausafiri nao. Kwa Tendaguru hatuna hilo, kwa hiyo tubane kwenye picha za CT scan, yaani eksirei zinazoonyesha ndani ya mfupa kipande kwa kipande. Wengi wanaridhika wakipewa umbo la 3D, ambalo ni ganda la nje tu lililokwisha kulainishwa na aliyelitengeneza. Tudai picha ghafi za vipande vyote, pamoja na vipimo vya mashine. Ni faili nzito, hivyo bajeti ya seva iandikwe mkatabani, la sivyo diski itafia kwenye droo ya mkuu wa idara.

Mtoa mada
Mhifadhi, hoja ya mafundi umenishawishi. Lakini bado sijaona mahali mnapoandika tarehe. Mwaka wa mafunzo, fundi, seva, vyote vina kifungu, na kurudi kwa mifupa hakuna? Basi iwekwe orodha ya vile vya makabatini, na mwaka wa kuanza kuvirudisha.

Mhifadhi wa mikusanyo
Orodha naiunga mkono, ianze na vile vifurushi vya mianzi. Ila kabla ya mwaka, taja chumba. Gundi za zamani zilizomo kwenye mifupa ile zinalegea kwenye unyevu wa pwani, na kiyoyozi kinachozimwa saa kumi jioni watu wakienda nyumbani ni kibaya kuliko kutokuwa nacho, kwa sababu unyevu unapanda na kushuka kila siku. Nani atalipa umeme wa usiku? Wizara, chuo au Berlin? Hicho nacho kiwe kifungu.