Yule bwana kamulika SIFURI mbele ya meneja akasema ndiyo hitilafu. Nimechoka!

Wakuu, sitasalimia. Nimetoka kikaoni sasa hivi, jasho halijakauka. Yule bwana mnamjua, msijifanye. Yule mshauri wa mitambo wa "kwa uzoefu wangu". Viwanda vyote vya mji huu vimeshamlipa na mafundi wote wameshamlaani.

Kisa ni mota ya pampu inayolia. Poli nne, umeme wa 50 Hz, kibati chake kinasema mizunguko 1450 kwa dakika. Nikabandika sensa ya mtetemo juu ya beringi, nikachukua sampuli 1000 kwa sekunde, nikazitia Octave, programu ya bure ya hesabu. FFT, hesabu inayochambua mtetemo kuwa masafa, ikanipa kilele cha 24 Hz, yaani mara 24 kwa sekunde. Hiyo ni shafti yenyewe inazunguka, haina neno. Kando yake kimesimama kingine cha 87 na mwenzake wa 174. Sasa 87 si 24 mara mbili wala mara tatu wala mara nne, kwa hiyo shafti haihusiki. Beringi ina gololi tisa. Zidisha 9 kwa 0.4 kwa mwendo wa shafti (1450 gawa kwa 60), hesabu ya mafundi ya siku zote ya gololi zikipita juu ya pete ya nje, unaangukia 87 pale pale. Pete ya nje imekwisha. Nunueni beringi, twende nyumbani.

Kwa vile najua watu wabishi nikaweka na grafu ya pili, otokorelesheni. Unachukua mawimbi, unayasogeza kidogo kidogo juu ya nakala yake, kila hatua unapima yanafanana kiasi gani, 1 ikiwa ni kufanana kabisa. Yakirudi kufanana, ujue kuna kitu kinajirudia. Yakarudi kwenye milisekunde 11 na nusu hivi, ambayo ndiyo 87 Hz ile ile. Grafu mbili, jibu moja.

Basi yule bwana akasimama. Akafunga kifungo cha koti. Akawasha kitaa chake chekundu cha kuonyeshea, akakituliza katikati ya grafu ya pili, kwenye kilele kirefu kuliko vyote, kwenye SIFURI, akasema: "Kijana, hitilafu kubwa kabisa hii hapa. Umeirukaje?"

SIFURI jamani! Pale hujasogeza chochote! Mawimbi yanalinganishwa na yenyewe, lazima itoke 1! Rekodi mbuzi, rekodi mvua, rekodi shemeji yako anakoroma, pale sifuri ni 1 tu! Ni kama mtu asimame mbele ya kioo apige yowe kwamba anaigwa.

Na kitaa hakukiondoa. Dakika nzima kinatetemeka juu ya sifuri. Meneja AKAANDIKA. Nimemwona kwa macho yangu anaandika "sifuri" halafu anapigia mstari. Kesho wataagiza spea ya sifuri kutoka nje.

SIFURI!!!

Fundi Waya: Huyo alikuja kwetu akaona kilele cha 50 Hz akasema mashine ifunguliwe yote. Tukafungua. Kumbe waya wa sensa ulipita ubavuni mwa waya wa umeme.

Mama Desibeli: Nimekaa paleee nasoma. Swali dogo mkuu, ulitoa wastani kabla ya FFT? Maana usipoutoa, huko nako inasimama nguzo kwenye sifuri.

Mleta uzi: NILITOA. Na dirisha la Hann, la kufifisha ncha za rekodi, niliweka. Usinitoe kwenye mada, dada yangu. Mimi naongelea kitaa chekundu juu ya SIFURI.

Kobe wa Kigamboni: Sampuli 1000? Kwa hiyo juu ya nusu yake, 500 Hz, hujaona kitu. Beringi ikianza kuumwa inalia huko kwenye kilohezi, maelfu ya Hz. Unachuja, unatoa envelopu (umbo la nje la mawimbi), ndipo unapiga FFT. Wewe umesubiri imeoza ndiyo umekuja na laptop. Hata bisibisi sikioni ingetosha 😂

Mleta uzi: Kobe, wewe na yule bwana ni mtu mmoja?

Fundi Waya: Bora hata huyo wa sifuri. Kuna kijana wake kapima mota kama hiyo kwa sampuli 100 kwa sekunde, katangaza kuna mtetemo wa 13 Hz, kafukua msingi wa zege. Ilikuwa 87 imejikunja, maana imezidi nusu ya sampuli. 100 toa 87, hesabu ya darasa la pili!

Nahodha Mstaafu: Octave mwaka huu? Vijana wako Python.

Mama Desibeli: Python ambayo np.correlate yake ya otokorelesheni, ukiiambia 'full', unaipa sampuli 8000 inakurudishia namba 15999, sifuri imejificha katikati? Mara ya kwanza nilidhani mashine imelogwa.

Kobe wa Kigamboni: Tumieni MATLAB, ile ya kulipia.

Nahodha Mstaafu: Ile ya kulipia ambayo wewe hujawahi kuilipia?

Kobe wa Kigamboni: Nililipia! Halafu enzi hizo nikaambiwa xcorr, ile ya otokorelesheni, iko kwenye kifurushi kingine, nilipie tena. Octave angalau unaandika pkg load signal, mchezo umekwisha.

Mleta uzi: Wakuu, naomba turudi kwenye sifuri. Aliniita KIJANA.

Salme: Mna raha nyie mnaopewa data. Mteja wangu kapiga picha skrini ya kifaa, kanitumia grafu iliyopinda na kidole chake kwa pembeni, eti FFT itoke kabla ya magharibi.

Fundi Waya: 😂😂 Wangu katuma voice note ya WhatsApp. Genereta linalia, nyuma yake mke anamsema. Tena WhatsApp imeshaibana sauti, vya juu vyote vimeliwa. Nilichopata ni masafa ya yule mama tu.

Mama Desibeli: Na malipo je? Nina watu wa tangu Ramadhani wananiambia "wiki ijayo".

Salme: Ukiona mteja kaandika "kazi ndogo tu", chukua nusu kabla hujawasha laptop.

Nahodha Mstaafu: Nusu? Mimi nachukua yote na nauli.

Kobe wa Kigamboni: Nauli ndiyo inaua. Bajaji hadi kiwandani jana kanichaji kama vile tunavuka mpaka.

Mleta uzi: Jamani...

Salme: Kobe unatokea wapi kwani? Panda daladala ushukie sheli, mtu wa bodaboda pale yupo mstaarabu, nitakutumia namba inbox.