Nguzo za banda la makuti Malindi: mvinje, boriti za mikoko au mikaratusi ya dawa?

kivuli_mambrui
Hamjambo wanabaraza. Banda langu la makuti limeliwa na mchwa, nguzo tatu zimebaki maganda matupu. Nataka kuzibadilisha zote kabla ya masika. Nimeletewa bei za aina tatu: mvinje kama zile za kwanza, boriti za mikoko kutoka Lamu, na mikaratusi ya kijani iliyotiwa dawa, ambayo inakaribia mara tatu ya bei ya mvinje. Fundi anasema ninunue mvinje tu, nizipake oili chafu. Nichukue ipi? Anataka jibu Jumamosi.

fundi_langoni
Salamu kutoka Amu, yaani Lamu. Ndugu, umeuliza nusu ya swali. Nguzo ni ngapi, na unene gani? Zimechimbiwa ardhini au zimesimama juu ya sakafu? Bahari iko karibu? Na una hakika ni mchwa? Ukiona vijia vya udongo vinapanda kwenye mti, huyo ni mchwa atokaye chini. Ukiona vitundu vidogo na unga laini umemwagika, huyo ni mdudu wa kubungua, na ndia ya kumtibu ni nyingine kabisa.

msufi77
Mikaratusi ya dawa, hakuna la kujadili. Nguzo za umeme zinasimama miaka na miaka kwenye udongo huohuo wenye vichuguu.

mama_kakuyuni
Ngojeni kwanza. Mimi nilinunua hizohizo za kijani, kando ya barabara, muuzaji akaniapia zimepikwa kwenye tangi. Nguzo nane za jiko langu la nje. Mwezi wa kumi na nne, nimeegemea nguzo nachambua mchicha, nasikia ndani ya mti kama mvua ndogo inadondoka juu ya karatasi. Nikagonga kwa kifundo cha kidole, ikaitika kama kibuyu. Mwanangu akaleta bisibisi, ikazama mpaka kwenye mpini bila hata kuisukuma. Nje rangi safi, haina alama. Ndani wameacha tabaka nyembamba zimesimama kama kurasa za kitabu, na katikati yake wameshindilia udongo. Tulipoikata kwa msumeno ndipo nikajua: kijani kilikuwa unene wa ukucha. Ilipakwa kwa brashi, haikuingizwa kwa shinikizo. Wiki hiyohiyo kusi likaangusha paa upande mmoja. Namshukuru Mungu watoto walikuwa shule. Nikarudi kumtafuta yule muuzaji, nikakuta uwanja mtupu.

Kwa hivyo kabla hujalipa, mwambie akukatie nguzo moja katikati, si mwishoni, uone dawa imeingia mpaka wapi. Akikataa, ondoka.

fundi_langoni
Mama amesema kweli tupu. Naongeza: hata ile ya tangini, dawa inaingia kwenye mti mweupe wa nje, kiini hakinywi. Ukiikata, umemfungulia mchwa mlango. Basi upande uliokatwa uwe juu na upakwe dawa tena, ule mzima ndio uende chini. Na mabaki msiyapikie. Dawa ile ni ya shaba, kromiamu na aseniki. Moshi wake ni sumu, na majivu yake ni sumu.

pwani_halisi
Mnasahau mti wetu. Nyumba za mawe za Amu zimebebwa na boriti za mikoko vizazi na vizazi, hata upana wa vyumba ulifuata urefu wa boriti. Hiyo ndiyo dawa tosha.

bi_shela
Kaka, boriti ile iko juu, kavu, imelala ndani ya ukuta. Ichimbie ardhini penye unyevu uone kama itatimiza hata nusu ya umri huo. Halafu mikoko haikatwi ovyo, lazima kibali cha KFS, wale wa huduma za misitu. Mwaka 2018 serikali ilipopiga marufuku ukataji, huku kwetu wakataji walikaa bila kazi. Anayekuuzia bila karatasi anakuuzia kesi.

pwani_halisi
Kibali kipo kwa anayefuata utaratibu. Nasema mti ni mzuri, ila uambue magome, maana mdudu wa kubungua hujificha chini yake.

kivuli_mambrui
Samahani kwa kukawia. Nguzo ni 12, za futi kumi, zimechimbiwa futi mbili na kumwagiwa zege kuzunguka. Bahari ni mwendo wa dakika tano. Vijia vya udongo nimeviona, na jambo la ajabu, vinatokea palepale mti unapokutana na zege.

fundi_langoni
Si ajabu hata kidogo. Mti ukikauka unasinyaa, unaacha upenyo kati yake na zege. Maji ya mvua yanaingia humo yanatuama, mchwa anapanda gizani, wewe huoni kitu mpaka afike juu. Hata ukileta mvule, mguu wake utakuwa umelowa. Mimi yeo sichimbii tena mti. Naweka kiatu cha chuma ndani ya zege, nguzo inakaa juu yake, chini kunabaki nafasi ya kupitisha mkono. Mchwa akitaka kupanda, lazima ajenge kijia nje, mahali unapokiona na kukibomoa. Ila umesema bahari iko karibu, basi chuma kiwe cha kuzamishwa kwenye zinki. Cha rangi tu chumvi itakimaliza. Na kwa sababu nguzo haikuchimbiwa, banda lifungwe mihimili ya mshazari, la sivyo kusi litalitikisa.

msufi77
Gharama yote hiyo ya nini? Oili chafu inatosha. Babu yangu alipaka.

bi_shela
Oili haizami, inakaa juu ya ngozi ya mti, mvua na jua vikiipiga inakwisha. Wazee wa majahazi walipaka sifa, yaani mafuta ya papa, na chini ya maji shahamu na chokaa, lakini walirudia kila wanapopandisha chombo pwani. Na oili yako inayodondoka inaenda wapi? Sisi Amu maji yetu yanatoka chini ya vilima vya mchanga vya Shela. Mchanga hauzuii kitu, ukimwaga juu umejimwagia kisimani. Hiyo ya babu pia tuiangalie: wengi wao walitumia dieldrini, sumu ambayo Mkataba wa Stockholm wa 2001 uliitia kwenye orodha ya kuondolewa duniani.

msufi77
Babu alitumia oili, si dieldrini. Aliishi miaka mingi.

mama_kakuyuni
Kivuli, una kisima hapo? Maana kuna watakaokwambia unyunyize dawa ya mchwa, fipronili au imidakloprid, kuzunguka nguzo. Inafanya kazi, lakini penye kisima mimi singethubutu.

kivuli_mambrui
Kisima kipo, hatua kama ishirini kutoka banda. Fundi wangu hajawahi kufunga hivyo viatu vya chuma. Nimemwambia angoje, kwanza nifukue nguzo moja nione.

pwani_halisi
Na makuti je? Wakishafika juu wanakula paa pia?

fundi_langoni
Wanakula, wakianza na fito.

mgeni_watamu
Nimefika na swali langu: fremu ya mlango wa mbambakofi, vitundu na unga mweupe chini. Huyo ni nani?